Land Cruiser HJ75 pick-up imelala upande wa dereva: nianze na springi au tairi?

#1 Vitunguu_Babati
Wakuu, kwema?

Nina pick-up ya Land Cruiser HJ75 ya mwaka 1988, injini ni ile 2H. Bado inapiga kazi: mahindi, vitunguu, na madumu ya maji ya mifugo upande wa Simanjiro. Shida yake imelala kulia, kwa dereva. Nimepima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele ikiwa tupu: kushoto sm 93, kulia sm 90. Ikibeba mzigo inazidi kidogo.

Miguuni ina 7.50R16 kwenye rimu za ringi (tairi inashikwa na ringi ya chuma inayotoka), na tairi zimeisha. Nawaza kuzitoa zote nifunge pana, 265/75R16 au hata 285/75R16, halafu niinue gari inchi mbili, maana difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) inachimba tuta la katikati kwenye njia za matrekta. Fundi mmoja anasema aongeze jani moja la springi upande wa kulia tu, kazi imeisha. Mwingine anasema nikifunga tairi kubwa kulala hakutaonekana.

Nianze na lipi? Picha nitaweka nikipata mtandao wa maana.

#2 Kiti_Cha_Mbele
Nimeshakaa. Ngoja waje wenye mikonga (snorkel) yao.

#3 BwanaMipango
Uza, chukua Hilux Revo. Asante kwa kusoma.

#4 Lekule_wa_Tanganyika
#3 Revo ya kubebea maji ya ng'ombe Simanjiro? Hela ya hiyo Revo utatoa wewe? Tuwaache wenye swali waulize.

#5 Springi_Unga_Ltd
#1 mkuu, kabla ya kununua chochote, kipimo chako kina matatizo matatu. Umepima juu ya ardhi gani? Tairi zote nne ziko sawa? Na umepima kwenye bodi, wakati bodi ya gari ya 1988 imeshagongwa na kunyooshwa mara ngapi hakuna ajuaye.

Fanya hivi. Peleka gari kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, kituo cha mafuta kinatosha. Jaza upepo uleule pande zote. Isukume mbele na nyuma kidogo ili springi zikae. Sasa pima kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chasesi, pale penye raba ya kugotea, pembe zote nne. Hicho ndicho kipimo cha springi. Tairi na bodi hazimo.

Kisha hamisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia, upime tena kwenye madigadi. Tofauti ikihama nayo, tatizo ni tairi.

Halafu ingia chini na tochi. Angalia senta bolti (inayofunga majani ya springi katikati) kama haijakatika, jani kubwa kama halina ufa karibu na jicho, na bushi za shakeli (kiungo kinachoshika mwisho wa springi kwenye chasesi) kama hazijaliwa. Senta bolti ikikatika ekseli inarudi nyuma upande mmoja, utaona tairi haiko katikati ya madigadi.

Na huyo wa kuongeza jani upande mmoja mwambie asubiri. Ukishaongeza, upande huo unakuwa mgumu kuliko mwingine, gari inaruka kulia na kulainika kushoto. Kwenye rafu rodi utaijua.

#6 Kiti_Cha_Mbele
Jamani, mnazunguka mbali. Gari ya miaka yote hiyo imekaliwa na dereva upande mmoja tu. Mkuu wa #1 una kilo ngapi?

#7 Vitunguu_Babati
#6 nina kilo za kutosha kubeba gunia la vitunguu bila msaada wako 😂

#5 asante, nitapima Jumamosi.

#8 Mkonga_Original
#6 umetania lakini umegusa jambo. Land Cruiser nyingi za usukani wa kulia hulala kulia, 75 hata 80. Ndiyo maana springi nyingi za kutoka Australia zinauzwa kwa upande: ya dereva ina upinde zaidi kuliko ya abiria. Sasa gari ikipita mikononi mwa mafundi wengi, mtu anazifungua zote mbili, anazipanga chini ukutani, kurudisha anazichanganya. Ya abiria inakaa kwa dereva na gari inalala mara mbili yake. Nimewahi kuziona za hivyo, tulizibadilishana upande na gari ikanyooka bila kununua hata boliti.

Kwa hiyo kabla ya jani jipya, jaribu kuzibadilisha upande.

#9 Springi_Unga_Ltd
#8 hiyo inawezekana kwa springi za dukani. Ila gari nyingi za huku springi zake zimeshafuliwa kwa mhunzi. Hapo hakuna ya dereva wala ya abiria, kuna iliyochoka na iliyochoka zaidi. Springi ikifuliwa bila kupashwa moto na kupozwa kitaalamu inasimama vizuri siku unayoichukua, ukibeba mizigo miwili mitatu inarudi ilikokuwa.

#10 Nakuru_4x4
Salamu kutoka Nakuru. Nimeona watu wanaongea springi tu, wacha mimi niguse tairi, maana hapo ndio mzee wa #1 anataka kuchoma pesa.

Kipenyo kinahesabika. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana inayofanya kimo cha ukuta. Zidisha, fanya mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni mm 406.

235/85R16 = mm 806
265/75R16 = mm 804
285/75R16 = mm 834

Hiyo 7.50R16 uko nayo inacheza karibu na 806, inategemea nani ameitengeneza. Kwa hivyo ukitoa 7.50 uweke 265/75, umenunua upana, kimo hujaongeza hata kidogo. Ukiweka 285/75 kipenyo kinapanda mm 28, lakini difu inapanda nusu yake tu, mm 14. Unene wa kidole. Na spidomita itakudanganya kama asilimia 3 na nusu: ikisoma 80, wewe uko karibu 83.

#11 Lekule_wa_Tanganyika
#10 hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Watu wanachanganya mambo mawili. Springi inainua chasesi na bodi. Difu iko kwenye ekseli, ekseli iko kwenye rimu. Funga springi za inchi sita ukitaka, difu haitapanda hata unywele. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi.

Mleta mada analalamika difu inachimba, halafu anataka kuinua springi inchi mbili. Difu itaendelea kuchimba vilevile, ila yeye atakuwa anaiangalia kutoka juu zaidi.

#12 Mkonga_Original
#11 kitaalamu uko sawa, ila njia yenyewe umeipita? Kinachogota siyo difu peke yake. Kuna tangi, kuna egzosi, kuna ngazi za pembeni, kuna kona ya bodi nyuma ukishuka korongo. Inchi mbili za springi zinasaidia vyote hivyo. Mimi nimeinua inchi tatu na silalamiki.

#13 Lekule_wa_Tanganyika
#12 hulalamiki kwa sababu hujawahi kufika spidi 90.

#14 Mkonga_Original
#13 nikifika 90 nikiwa na 2H inabidi nikupigie simu unipongeze.

#15 Rimu_za_Mjini
#1 kuhusu rimu usisumbuke. Tafuta rimu za Land Cruiser 79 mpya, ziko nyingi, za chuma, tyubulesi, unafunga 265 moja kwa moja unasahau mambo ya ringi.

#16 Nakuru_4x4
#15 hapana bana. 79 ilipokuja 1999 walihamia boliti tano, PCD (kipenyo cha duara la boliti) mm 150. HJ75 yake ni boliti sita, 139.7. Hata akilazimisha kwa nyundo haziingii. Atafute za boliti sita: Hilux, Prado, Land Cruiser 80. Hata hizo apime tundu la katikati kama linapita kwenye habu, na ofseti, kwa sababu rimu ikiingia ndani sana tairi inasugua springi akikata kona.

#17 Rimu_za_Mjini
#16 kuna adapta.

#18 Nakuru_4x4
#17 adapta kwa gari inabeba tani ya maji? Sawa, lakini mimi sitakaa nyuma.

#19 Springi_Unga_Ltd
Tena upana wa rimu. Hizo rimu za ringi za 7.50 ni nyembamba, kawaida inchi 5.5. 265/75 inataka rimu ya inchi 7 kwenda juu. 235/85 inakubali 6. Ukibana 265 kwenye rimu nyembamba katikati ya tairi inavimba, inakula kati tu, na ukuta unayumba kwenye kona. Kwa hiyo 265 maana yake rimu mpya nne na ya akiba. Weka hesabu hiyo kabla ya kuuliza bei ya tairi.

#20 Mwana_wa_Shangani
Assalaam alaykum. Mimi niko Maskat, asili yangu Unguja. Huku hizi pick-up za zamani zingali zinatafutwa sana, na mchanga wa Wahiba umetufunza kitu kimoja: upepo ndio tairi yenyewe. Mtu ana 7.50 nyembamba, akishuka hadi psi 15 au 18 anapita pale anapozama mwenye tairi pana aliyejaza 35. Tairi ikishushwa upepo hurefuka pale inapogusa mchanga zaidi kuliko inavyotanuka upana. Sharti uwe na pampu ya kurudishia, na usikate kona kwa kasi, tairi hutoka kwenye rimu.

Nilikuwa nataka kumuuliza mwenye mada: huko kwenu ni mchanga au matope?

#21 Vitunguu_Babati
#20 waalaykum salaam. Kiangazi vumbi na mawe, masika ule udongo mweusi wa mbugani unaoganda kwenye tairi hadi inakuwa duara moja lisilo na meno.

#22 Lekule_wa_Tanganyika
Kwa udongo mweusi nyembamba ndiyo yenyewe. Inakata hadi chini inakuta pagumu. Pana inapanda juu ya ute na kuteleza kama iko kwenye sabuni. Serikali na mashirika walikuwa wanafunga 7.50 miaka yote, hawakuwa wajinga.

#23 Mkonga_Original
#22 hiyo ni kama chini kuna pagumu. Mbuga ikishanywa maji wiki nzima hakuna pagumu, ni uji hadi kiunoni. Hapo nyembamba inakata, inakata, inakata, hadi ekseli inalala juu ya tope. Pana walau inaelea.

Na mashirika walifunga 7.50 kwa sababu ilikuwa inapatikana kila duka na inabeba mzigo. Matope hayahusiani.

#24 Kiti_Cha_Mbele
Kumbe na mimi nilijua 7.50 kwa sababu General Tyre ya Arusha ilikuwa inazitoa.

#25 Nakuru_4x4
#24 na sisi tulikuwa na Yana hadi kiwanda cha Nairobi kikafunga 2016. Saa hii zote zinakuja na meli, ndio maana lazima usome tarehe. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mtu anakuuzia tairi "mpya" yenye vinyweleo na imekaa stoo miaka minane. Kwa gari ya mzigo, usichukue.

#26 Mama_Transit
Naingia kwa jambo moja, mengine mtaendelea. Mleta mada, hizo rimu za ringi ukiendelea nazo, usimwachie kijana wa kuziba pancha ajifunzie hapo. Kwetu gereji tulishaona ringi ikiruka na kutoboa bati la paa. Kabla ya kulegeza nati yoyote toa kwanza ule moyo wa vali, upepo uishe wote. Kusafisha kutu kwenye mfereji wa ringi ni lazima, si hiari. Wakati wa kujaza, pitisha mnyororo kwenye matundu ya rimu, ringi iangalie chini, na kila mtu asimame pembeni. Ikikaa vibaya usiigonge na nyundo huku ina upepo. Toa upepo, anza upya.

Na isikose flepu, ule ukanda wa raba kati ya tyubu na rimu. Tyubu bila flepu inaliwa na chuma.

#27 Kiti_Cha_Mbele
#26 shikamoo mama. Mimi niliwahi kuchuchumaa karibu na moja nikivuta sigara, leo ndiyo nimejua kilichokuwa kinanisubiri.

#28 Mama_Transit
Marahaba. Na sigara uache.

#29 Vitunguu_Babati
Wakuu nimerudi. Nimepima kama alivyoelekeza #5, kwenye zege la kituo cha mafuta.

Kwanza tairi: ya mbele kulia imeisha kuliko ya kushoto na ni ya kampuni nyingine kabisa. Nilipozihamisha, tofauti kwenye madigadi ilishuka kutoka mm 30 hadi kama 20. Kwa hiyo tairi zinahusika, lakini si zote.

Ekseli hadi chasesi: mbele kulia pungufu mm 18. Nyuma kulia pungufu mm 6 tu. Senta bolti zote nzima. Majani ya mbele hayana ufa ninaouona, ila katikati ya majani kuna kutu limevimba. Bushi za shakeli zinaonekana mpya. Nilikumbuka zilibadilishwa na fundi mmoja mwaka jana, na gari ilikuwa juu ya jeki tangu mwanzo hadi mwisho.

#30 Springi_Unga_Ltd
#29 hapo kwenye jeki! Bushi za raba hazikazwi gari ikiwa juu. Springi inaning'inia, shakeli iko kwenye pembe tofauti, ukikaza hapo raba inashikwa kwenye mkao huo. Gari ikishuka raba inajisokota muda wote, inasukuma upande wake, na inakufa mapema. Legeza boliti zote za shakeli na za jicho, shusha gari kwa magurudumu yake, iyumbishe, ndipo ukaze. Usishangae mm kadhaa zikijirudi zenyewe.

Kutu katikati ya majani nalo lina kazi yake. Majani yanatakiwa kuteleza moja juu ya jingine. Yakishikana upande mmoja, upande huo hausimami sawa na mwenzake. Fungua, piga brashi ya waya, paka grisi ya grafaiti, rudisha.

#31 Mkonga_Original
Mimi bado nasema springi zimebadilishwa upande. Mm 18 mbele, nyuma 6 tu. Bushi zikiwa ndizo, mbona nyuma hazijafanya hivyo?

#32 Lekule_wa_Tanganyika
#31 huyo fundi alibadilisha za nyuma pia? Hajasema.

Na kuna jambo hakuna aliyeligusa: chasesi. Pick-up ya kubeba maji, maji yanacheza kulia kushoto njia nzima. Chasesi inajipinda taratibu. Chukua kamba, pima mshazari: boliti ya springi ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Zikipishana sana, unaweza kubadilisha springi hadi uzeeke. Angalia pia nyuma ya kabini, hapo ndipo nyufa huanzia.

#33 Vitunguu_Babati
#32 za nyuma hakugusa. Kamba nitavuta.

Sasa nisaidieni hili la inchi mbili. Niinue au nisiinue?

#34 Nakuru_4x4
Inchi mbili za springi nzuri, hakuna noma. Lakini usidanganywe na shakeli ndefu. Shakeli ikirefuka inchi mbili, gari inapanda moja tu, kwa sababu unainua mwisho mmoja wa springi. Na kama shakeli iko upande wa bampa, ukiirefusha unazungusha ekseli ya mbele, king pini (egemeo la kugeuzia tairi) zinasimama wima kuliko kawaida, usukani unaacha kurudi wenyewe ukitoka kona. Gari inaanza kutembea barabara nzima. Watu wengi wanalaumu tairi, wanafanya alaimenti mara tano, na kumbe ni shakeli.

#35 Springi_Unga_Ltd
Ongezea hozi za breki. Ning'iniza ekseli hadi mwisho, angalia kama hozi imenyooka kama uzi. Ikiwa hivyo, weka ndefu. Shokapu za kimo cha zamani nazo zitakuwa zinavutwa hadi mwisho kila shimo, zinakufa. Nyuma, kama gari yako bado ina ile vali ya breki yenye mkono unaoshikana na ekseli, irekebishe. Ukiinua nyuma vali inadhani gari haina mzigo, inapunguza breki za nyuma, wakati wewe umebeba tani.

#36 Mkonga_Original
Zangu inchi tatu, hozi zilezile. Miaka yote.

#37 Mama_Transit
#36 tuandikie namba ya gari tukupishe.

#38 BwanaMipango
Nimesoma yote. Bado nasema Revo.

#39 Lekule_wa_Tanganyika
#38 Revo ikiinuliwa inchi mbili inataka UCA (mikono ya juu ya saspensheni) mpya, alaimenti na maombi. Hii ya 1988 inataka spana na grisi. Nenda kalale.

#40 Vitunguu_Babati
Nimelegeza boliti za mbele chini, nikayumbisha gari, nikakaza. Kulia imepanda mm 5. Mshazari wa kamba unapishana mm 4, sijui kama ni chasesi au ni mikono yangu na ya kijana aliyeshika upande wa pili. Springi nitafungua baada ya kuvuna, nizisafishe, nizibadilishe upande kama alivyosema #8 tuone.

Tairi naelekea 235/85R16, zile za index 120, kwa kuwa kilo 1,400 kila moja zinanitosha na rimu sihitaji pana sana. Difu nitaipeleka taratibu, nitakanyaga tuta kwa tairi moja badala ya kulipanda katikati.

#41 Mkonga_Original
#40 mm 13 zilizobaki ni springi. Nakusubiri.

#42 Springi_Unga_Ltd
#41 au kutu. Afungue kwanza.

#43 Mwana_wa_Shangani
Mm 4 kwenye mshazari wa gari la umri huo si kitu. Lakini apime tena na mtu mwingine, kamba ya nailoni huvutika.

#44 Juma_Ringi
Samahani wakuu, nimechelewa uzi. #40, ukihamia rimu nyingine, hizo za ringi unauza bei gani? Nina HJ47 hapa Singida inalia njaa. Nahitaji nne, na ringi zake ziwe hazijaliwa.

#45 Vitunguu_Babati
#44 njoo PM. Moja ringi yake imeliwa, sikufichi.